Kuinua Sakafu ya Sinasi: Namna ya Kuchagua Kijazio cha Mfupa Kabla ya Kupandikiza Jino

Mtu aliyepoteza magego ya taya la juu miaka mingi iliyopita, kisha akaja kliniki hapa Kisumu akitaka jino la kupandikiza, mara nyingi huondoka na habari asiyoitarajia: mfupa hautoshi kulishikilia jino hilo, na kabla ya lolote itabidi sakafu ya sinasi, ile chemba ya hewa iliyo juu ya magego, iinuliwe na nafasi itakayopatikana ijazwe. Hapo ndipo maswali huanza, kwa kuwa kinachoweza kutiwa katika nafasi hiyo ni cha namna nyingi. Kuna mfupa wa mgonjwa mwenyewe, kuna wa mtu aliyefariki, kuna wa ng'ombe au nguruwe, na kuna chembechembe zilizotengenezwa kiwandani. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mgonjwa huyo na jamaa zake, na pia kwa daktari wa meno kijana anayeanza kazi hii katika miji yetu, ili wote wawili waweze kufikia uamuzi kwa utaratibu unaoanza na kipimo cha mfupa uliobaki, ukapitia asili ya kijazio, ukafika kwenye muda wa kusubiri. Bei ina nafasi yake, lakini anayeanza na bei huishia kuchagua kabla hajajua anachagua nini.

Katika maelezo haya, neno kipandikizi litatumika kwa skrubu ya titani inayoingizwa ndani ya mfupa ili ibebe jino bandia, na neno kijazio kwa kile kinachotiwa chini ya utando wa sinasi ili mfupa mpya uote hapo. Nimeona wagonjwa wakichanganya vitu hivi viwili hadi siku ya upasuaji, na kuchanganya huko huzaa malalamiko juu ya malipo na juu ya muda.

Kwa nini mfupa hautoshi

Ndani ya taya la juu, pembeni mwa pua na chini ya jicho, mna chemba ya hewa iitwayo sinasi. Kwa mtu mzima chemba hiyo hubeba takribani mililita 12 hadi 15 za hewa. Ndani yake umetandazwa utando ambao, ukiwa na afya, kwa kawaida haufiki unene wa milimita moja, na kamasi yake hutoka kupitia kitundu kidogo kilicho juu, karibu na dari, kinachofungukia puani. Jambo hili la kitundu kuwa juu likumbukwe, maana tutalirudia.

Magego yanapokuwa mahali pake, kutafuna huupa mfupa kazi na kazi huutunza. Yakishang'olewa, mfupa huanza kuliwa kidogo kidogo kutoka upande wa ufizi, na wakati huohuo sinasi hupanuka ikishuka upande wa chini. Aliyeng'olewa gego akiwa kijana anaweza kufika umri wa miaka 50 akiwa amebakiwa na milimita mbili au tatu za mfupa, ilhali kipandikizi cha kawaida kina urefu wa milimita 8 hadi 12. Wengi wetu tulilelewa tukijua kwamba jino likiuma dawa yake ni koleo, na matokeo yake ndiyo haya tunayoyaona kwenye picha za eksirei leo.

Upasuaji wenyewe si mpya. Daktari Hilt Tatum wa Marekani aliuanza katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1980 madaktari Boyne na James wakachapisha maelezo yake, wakitumia mfupa uliochukuliwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1994 Summers akaeleza njia nyepesi zaidi inayopitia tundu lilelile ambalo kipandikizi kitaingizwa. Hadi leo njia kuu ni hizo mbili: ya dirisha, ambapo daktari hufungua tundu ubavuni mwa taya, na ya chini, ambapo sakafu husukumwa juu kupitia tundu la kipandikizi.

Anza na kipimo

Usikubali mazungumzo yoyote juu ya kijazio kabla ya skani ya pande tatu ya taya la juu. Eksirei ya kawaida ya meno yote huonyesha urefu wa mfupa kwa makisio tu, na haionyeshi upana wa sinasi kutoka ukuta wa nje hadi ukuta wa ndani. Skani ikiwa tayari, mwombe daktari akuonyeshe milimita zilizobaki mahali hasa ambapo jino litakaa, na aziandike kwenye faili.

Kama zimebaki milimita tano au zaidi na kinachohitajika ni kuongeza tatu au nne, njia ya chini kwa kawaida inatosha, na kijazio kitakachotumika ni kidogo sana. Wapo madaktari ambao katika hali hiyo hawatii kijazio chochote, wakiliachia bonge la damu lililo chini ya utando ligeuke kuwa mfupa likishikiliwa na ncha ya kipandikizi. Zikiwa chini ya tano, njia ya dirisha ndiyo salama zaidi, na hapo kijazio kinakuwa jambo kubwa. Kipandikizi kinaweza kuwekwa siku hiyohiyo ikiwa mfupa wa zamani una milimita nne au tano zenye uwezo wa kukikaza kisitikisike. Ukiwa ni mwembamba kuliko hapo, hujazwa kwanza, husubiriwa miezi kadhaa, ndipo kipandikizi kiwekwe kwa upasuaji wa pili.

Kuna jambo ambalo hata madaktari hulipita haraka, nalo ni upana wa chemba. Mfupa mpya hauanzi katikati ya kijazio. Huota kutoka kwenye kuta na sakafu ya mfupa wa zamani, kwa kuwa huko ndiko kuna mishipa ya damu na seli hai. Sinasi nyembamba ina kuta zilizokaribiana, kwa hiyo hujaa mfupa upesi kwa takribani kijazio chochote kile, na mgonjwa wa namna hiyo hana sababu ya kugharimia kijazio cha bei kubwa. Sinasi pana, ambayo kuta zake ziko mbali, huchelewa katikati, na hiyo ndiyo inayohitaji kuchanganyiwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe au kupewa miezi zaidi. Kwa maoni yangu kipimo hiki kimoja kina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye chupa.

Skani hiyohiyo itaonyesha mambo mengine yanayopaswa kujulikana mapema: kama kuna ukuta mdogo wa mfupa unaoigawa sinasi ndani, mshipa wa damu unapita wapi katika ukuta wa nje, na kama utando umevimba au chemba imejaa majimaji. Mwenye maambukizi ya sinasi hutibiwa kwanza, ikibidi na daktari wa masikio, pua na koo. Kutia kijazio katika chemba iliyo na usaha ni kukitupa. Mwenye kisukari ahakikishe sukari yake imedhibitiwa, mvutaji sigara aache, na anayetumia dawa za kuimarisha mifupa au aliyewahi kutibiwa saratani kwa mionzi aseme wazi, kwa sababu mambo haya huamua kama upasuaji ufanyike au usifanyike.

Na katika hatua hii ndipo pa kuuliza kama kuna haja ya kuinua sakafu hata kidogo. Palipobaki milimita sita au saba, kipandikizi kifupi cha milimita sita huweza kutosha. Daraja linaloegemezwa kwenye meno ya jirani, au meno bandia ya kuvaa na kuvua, bado ni tiba halali. Daktari anayekueleza hayo hakufukuzi.

Vijazio vyenyewe

Kijazio kinaweza kufanya kazi tatu, na hakuna hata kimoja, isipokuwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe, kinachozifanya zote. Kazi ya kwanza ni kuleta seli hai zinazojenga mfupa. Ya pili ni kuleta ishara, yaani protini zinazoziita seli za mwili na kuziamuru zigeuke kuwa za kujenga mfupa, jambo ambalo Marshall Urist alilibainisha mwaka 1965. Ya tatu ni kuwa jukwaa, kama miti anayosimamishiwa fundi ili afikie ukuta wa juu: jukwaa halijengi nyumba, lakini bila hilo fundi hana pa kukanyaga. Ukimuuliza daktari wako kijazio chake kinafanya kazi ipi kati ya hizi, jibu lake litakuonyesha kama amekichagua au amekikuta tu kabatini.

Mfupa wa mgonjwa mwenyewe ndio uliokuwa kipimo cha vingine vyote kwa miaka mingi. Huchukuliwa kidevuni, nyuma ya magego ya chini, kwenye kifundo cha mfupa kilicho nyuma ya gego la mwisho la juu, au kwenye nyonga pale unapohitajika mwingi. Huleta seli, ishara na jukwaa kwa pamoja, hukomaa mapema, kwa kawaida katika miezi minne hadi sita, na hauna hatari ya kukataliwa na mwili wala kuleta ugonjwa wa mtu mwingine. Kasoro zake ni mbili, na si ndogo. Kwanza, mgonjwa anabaki na jeraha la pili, na kwa wengine jeraha la kidevu huacha ganzi ya mdomo wa chini au ya meno ya mbele ambayo huchukua miezi kuisha. Pili, ukitumiwa peke yake ndani ya sinasi, hupungua. Mwili huuyeyusha sehemu yake, nayo hewa ya sinasi hurudi kuusukuma chini, na kimo kilichopatikana hushuka.

Mfupa wa mtu aliyefariki hutoka katika benki za tishu, ambako historia ya mtoaji huchunguzwa na damu yake kupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende, kisha mfupa husafishwa, hukaushwa kwa kugandishwa, na wakati mwingine huondolewa madini kwa asidi ili protini za ishara zifichuke. Ule ulioondolewa madini huyeyuka upesi, na ndani ya sinasi huwa laini mno kushikilia nafasi peke yake. Ule uliobaki na madini husimama vizuri zaidi. Ni kijazio kizuri kitabibu. Hata hivyo nimejifunza kutokitaja kwa kupitia tu, kwa kuwa kwa wagonjwa wengi wa huku kwetu mfupa wa marehemu ni jambo zito, na mtu anayo haki ya kulikataa bila kuombwa sababu.

Mfupa wa ng'ombe ndio unaotumika zaidi katika upasuaji huu, na umefanyiwa uchunguzi mwingi kuliko vijazio vingine vya kununua. Mfupa wa mnyama huchomwa kwa joto la nyuzi 300 au zaidi na kuoshwa kwa kemikali hadi protini na mafuta yote yaondoke, ukabaki mchanga mweupe wa madini wenye vitundu vidogovidogo kama sifongo. Kwa hiyo hauna seli wala ishara. Ni jukwaa tupu. Ubora wake ni kwamba huyeyuka polepole sana, kiasi kwamba chembe zake zimeonekana ndani ya mfupa wa wagonjwa zaidi ya miaka kumi baada ya upasuaji, zikiwa zimezungukwa na mfupa hai. Sinasi inaposukuma, kimo hakishuki. Gharama ya ubora huo ni subira: miezi sita hadi tisa, na usimwamini anayekuahidi miezi mitatu kwa mfupa wa ng'ombe mtupu katika sinasi pana. Upo pia mfupa wa nguruwe na wa farasi uliotayarishwa kwa namna zinazokaribiana na hiyo.

Vijazio vya kiwandani havitoki kwa binadamu wala mnyama. Vinavyotumika zaidi ni madini mawili ya kalsiamu: hidroksiapatiti, ambayo hukaa muda mrefu, na beta-trikalsiamu fosfeti, ambayo huyeyuka katika miezi kadhaa hadi mwaka mmoja na zaidi huku ikimwachia mfupa nafasi. Watengenezaji wengi huvichanganya viwili hivi ili kimoja kishikilie kimo wakati kingine kinapisha. Kipo pia kioo amilifu, yaani kioo kinachoshikamana na mfupa, na ipo salfeti ya kalsiamu, ambayo huisha katika wiki chache na kwa hiyo haifai peke yake kwa sinasi. Mfupa unaopatikana kwa vijazio vya kiwandani huwa pungufu kidogo katika miezi ya mwanzo, lakini ukisubiri vya kutosha kipandikizi hukaa vizuri.

Kisha kuna yale yanayotokana na damu. Mwaka 2001 Joseph Choukroun wa Ufaransa alieleza namna ya kuchukua damu ya mgonjwa, kuizungusha katika mashine bila kuongeza dawa yoyote, na kupata tandabui laini la faibrini, yaani protini inayogandisha damu, lililojaa seli nyeupe na chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia damu kuganda. Tandabui hilo husaidia kidonda kupona, huunganisha chembechembe zisitawanyike, na hufaa kufunikia utando uliochanika kidogo. Halishikilii nafasi kwa muda mrefu, na anayeuziwa kama mbadala kamili wa kijazio ameuziwa zaidi ya kilichopo. Protini ya ishara iitwayo BMP-2, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007 kwa upasuaji huu, huweza kuotesha mfupa bila kuchukua wa mgonjwa, lakini huvimbisha uso sana na ni ghali mno. Sijaona haja yake kwa mgonjwa wa kawaida.

Kwa hiyo mimi huchagua nini? Kwa sinasi ya upana wa wastani iliyobakiwa na milimita mbili hadi nne, mimi hutumia mfupa wa ng'ombe uliochanganywa na mfupa wa mgonjwa mwenyewe uliokwanguliwa palepale kwenye ukuta wa dirisha na kando yake, ambao kwa kawaida hutosha kuwa robo ya mchanganyiko au karibu na hapo. Mgonjwa haongezewi jeraha mahali pengine, seli hai zinapatikana, na jukwaa halishuki. Anayekataa mnyama kwa sababu yoyote nampa cha kiwandani chenye mchanganyiko wa aina mbili nilizozitaja, kikichanganywa vivyo hivyo, na namwongezea miezi. Tofauti kati ya vijazio huonekana zaidi katika miezi tisa ya mwanzo. Baadaye hupungua, na kudumu kwa kipandikizi hutegemea zaidi usafi wa kinywa, sigara na ustadi wa mkono uliofanya kazi.

Asili ya kijazio na imani ya mgonjwa

Katika eneo hili swali la asili halikwepeki. Kisumu ina Waislamu na Wahindu wa vizazi kadhaa, Mumias ina Waislamu wengi, Kisii na Nyamira zina Wasabato wengi ambao hawagusi nguruwe. Muumini wa Kihindu anaweza kukataa mfupa wa ng'ombe ambao jirani yake Mwislamu anaukubali bila shida. Si kazi ya daktari kuamua dini inaruhusu nini. Kazi yake ni kusema ukweli wote mapema ili mgonjwa apate siku za kutosha kumwuliza imamu, mchungaji au kiongozi wake.

Nasema ukweli wote kwa sababu mimi mwenyewe nilikaribia kuupunguza. Mzee mmoja kutoka upande wa Mumias aliniuliza, "Daktari, hicho unachonitilia kimetoka kwa mnyama gani?" Nikamjibu, "Mzee, ni ng'ombe." Kuhusu chembechembe nilikuwa nasema kweli. Lakini baada ya kijazio kutiwa, dirisha hufunikwa kwa utando mwembamba wa kolajeni, protini inayopatikana kwenye ngozi na mifupa, na tando nyingi za namna hiyo hutengenezwa kwa ngozi au tando za ndani za nguruwe. Jioni ya kuamkia upasuaji nilipokuwa nikikagua vifurushi niliona maandishi hayo kwenye kifurushi cha utando, nikampigia simu, nikamwomba radhi, tukaahirisha kwa wiki mbili hadi ulipopatikana utando wa ng'ombe. Tangu siku hiyo huwaandikia wagonjwa karatasi yenye mistari miwili: kijazio kimetoka wapi, na utando umetoka wapi. Mgonjwa anayesoma hapa aulize yote mawili, hata kama daktari ametaja moja tu.

Siku ya upasuaji

Kijazio huja katika chupa ndogo iliyofungwa, kwa kawaida ya gramu 0.25, 0.5, moja au mbili. Kwa kipandikizi kimoja kwa njia ya dirisha, mililita moja hadi mbili za kijazio mara nyingi hutosha. Kwa viwili au vitatu vilivyopangana, huongezeka. Omba chupa ifunguliwe mbele yako au mbele ya aliyekusindikiza, baada ya kusoma tarehe ya mwisho ya matumizi. Chupa iliyofunguliwa kwa mgonjwa mmoja haihifadhiwi kwa ajili ya mwingine, hata kama imebaki nusu na hata kama imefungwa tena vizuri. Nimewahi kuonyeshwa chupa ya namna hiyo katika kliniki moja kana kwamba ni kubana matumizi. Huo ni uambukizaji unaosubiri siku yake.

Punje zenyewe zina ukubwa wa aina mbili, za robo milimita hadi milimita moja, na za milimita moja hadi mbili. Katika sinasi mimi hupendelea kubwa, kwa sababu huacha mianya ambayo mishipa ya damu hupitia. Daktari kijana azingatie kulowesha punje kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa au kwa damu ya mgonjwa, kuanza kujaza upande wa mbele na ukuta wa ndani ambako ni rahisi kusahaulika, na kutoshindilia. Kijazio kilichoshindiliwa kama pamba kwenye mto hakiingiliki na damu, na katikati yake hubaki mchanga miezi tisa baadaye. Wala chemba isijazwe kupita kimo kinachohitajika kwa kipandikizi, kwa kuwa kile kitundu cha juu kikizibwa kamasi haitatoka na sinasi itaugua.

Tatizo linalotokea mara nyingi zaidi ni kuchanika kwa utando wakati unainuliwa. Halimaanishi uzembe, maana hutokea hata kwa mikono mizuri, hasa penye ule ukuta mdogo wa ndani au kwa mvutaji sigara. Tundu dogo la chini ya milimita tano hufunikwa kwa utando wa kolajeni au tandabui la faibrini, na kazi huendelea. Tundu kubwa hubadilisha uamuzi: punje zilizolegea zitaporomokea ndani ya chemba na kuziba kitundu, na hakuna kijazio cha kuokoa hali hiyo. Daktari afunge jeraha, asubiri miezi miwili au mitatu, arudie. Mgonjwa anayeambiwa kazi imesimamishwa kwa sababu hii ajue amefanyiwa hisani.

Baada ya kurudi nyumbani

Kijazio hakijashikamana na chochote katika wiki za mwanzo. Kinachokizuia kisihame ni utando wa sinasi uliotoka kuinuliwa na nyuzi za ufizi. Kwa hiyo msukumo wa hewa ndio adui. Usipenge kamasi kwa wiki mbili, futa tu. Chafya ikija, ipige mdomo ukiwa wazi, usiibane. Usinyonye kitu kwa mrija wowote, uwe wa soda au ule mrefu wa busaa wanaoketi nao wazee kuzunguka chungu. Wapiga tarumbeta wa bendi za Jeshi la Wokovu, ambao Vihiga na Kakamega wako wengi, wakae kando na ala zao hadi daktari awaruhusu, na anayekwenda kutazama mpira asipulize vuvuzela. Usipige mbizi ziwani. Ndege kati ya Kisumu na Nairobi iepukwe kwa wiki mbili, na anayepanda kwa gari kupitia Kericho na Mau Summit kwenda Nakuru siku zilezile za mwanzo ajue kwamba shinikizo analolisikia masikioni ndilo linaloihangaisha sinasi iliyovimba. Ni bora alale Kisumu siku chache kuliko kuondoka jioni ya upasuaji.

Chakula kiwe laini na kisichochoma, uji, ndizi za kupondwa, samaki aliyetolewa miba, kitafunwe upande wa pili. Muwa usiguswe hadi nyuzi zitolewe na daktari aridhike. Damu kidogo puani siku ya kwanza na ya pili haishangazi, na uvimbe huzidi hadi siku ya tatu ndipo uanze kushuka. Rudi kliniki bila kusubiri miadi ikiwa punje nyeupe zinatoka puani au mdomoni, kama kuna usaha au harufu mbaya upande mmoja wa pua, kama uvimbe unaongezeka baada ya siku ya nne, au ukipata homa. Punje chache zinazotoka kwenye nyuzi si msiba, lakini zinazotoka kila siku zinaonyesha kwamba kijazio kinapoteza makazi yake.

Muda wa kusubiri ukiisha, skani hurudiwa. Kinachotafutwa si weupe peke yake, kwa maana mfupa wa ng'ombe huonekana mweupe kwenye picha tangu siku ya kwanza kabla hata seli moja haijaingia. Kinachotafutwa ni kimo kilichosimama, ukingo usio na madoa meusi, na chemba ya juu iliyo safi. Uthibitisho kamili daktari huupata anapotoboa tundu la kipandikizi: mfupa uliokomaa hutoa damu na kuikaza skrubu, ule mbichi humwagika kama mchanga. Ukimwagika, tundu hufungwa na miezi mitatu huongezwa, na mgonjwa asilipishwe kijazio kingine kwa haraka ya kumaliza.

Kabla ya kuondoka siku ya upasuaji, dai nakala ya kibandiko kinachotoka kwenye chupa ya kijazio, na kile cha utando, vyenye jina la bidhaa na nambari ya bechi. Vibandiko hivyo hubandikwa kwenye faili, na nakala yake ni haki yako. Hakikisha pia mapema kwamba daktari wako yumo katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, inayoweza kutazamwa kwa simu, na muulize kama bidhaa yake imepitia Bodi ya Famasia na Sumu. Miaka kumi ijayo huenda uko Eldoret au Nakuru, mbele ya daktari mwingine anayetazama picha yenye punje nyeupe juu ya kipandikizi chako, na karatasi hiyo moja itamwambia kama anachokiona ni ugonjwa au ni mfupa wa ng'ombe uliotiwa hapo kwa makusudi.